One Love mnampa Bob Marley peke yake, Curtis Mayfield mnamuweka wapi?

Wakuu habari za jioni. Juzi nimekaa na mdogo wangu nikamwekea kwenye simu People Get Ready ya The Impressions, ile ya 1965, kasikiliza kidogo tu kaniambia "kaka hawa jamaa si wamemuibia Bob Marley?" Nikakosa hata cha kumjibu, maana mtoto hana kosa, hajawahi kuambiwa, na naamini wengi wetu humu pia hatujawahi kuambiwa.

Iko hivi. Curtis Mayfield wa Chicago, mtu aliyekulia kwenye nyimbo za kanisani, ndo mtunzi wa People Get Ready, kaiimba na wenzake Fred Cash na Sam Gooden. Ni wimbo wa treni, inakuja kubeba watu na huhitaji tiketi, imani yako tu inatosha, na weusi wa Marekani wa wakati ule hawakuhitaji kufafanuliwa hio treni inaelekea wapi, wakaibeba kwenye harakati zao. Mwaka huohuo kule Kingston, Jamaica, The Wailers, kundi la Bob, yeye ana miaka 20, wanaingia Studio One, studio ya prodyuza Coxsone Dodd, wanarekodi One Love kwa mdundo wa ska, ule uliotangulia rege, mbio mbio, na mle ndani kuna mistari ya Mayfield lakini jina lake halipo. Limekuja kuonekana 1977 kwenye albamu ya Exodus, hapo ndo wimbo ukaitwa One Love/People Get Ready na watunzi wakaandikwa wawili. Miaka 12 wakuu.

Msimamo wangu ni kwamba kosa lilikuwa kuficha jina, kuurudia wimbo halikuwa kosa, na nitawaonesha kwanini. Sikilizeni ile beti ya mwenye dhambi. Mayfield anasema, kwa Kiswahili changu mwenyewe, hakuna nafasi kwa mwenye dhambi aliyekata tamaa ambaye yuko radhi kuwaumiza wanadamu wote ili ajiokoe yeye. Kamaliza, mlango umefungwa. Bob kauchukua mstari uleule kaugeuza swali, je ipo nafasi kwa huyo mtu? Na anatangulia kabisa kutuambia kuna swali moja angependa kuuliza. Alafu kumbukeni Desemba 1976 watu wenye bunduki walimvamia nyumbani kwake Hope Road wakampiga risasi, akaenda kukaa London, na 1977 karudi na swali lilelile aliloliuliza akiwa kijana, safari hii kwa mdundo wa taratibu na jeraha analo mwilini. Mi hio siwezi kuiita wizi, yule alikuwa anamjibu mwenzake. Naomba kuwasilisha.

*

Mkuu heshima kwako ila hapo unambeba sana Bob. Jamaica ya miaka ile walimchota Mayfield kama kisima cha kijiji. The Techniques na Queen Majesty yao ya 1967, ile ni Minstrel and Queen ya The Impressions, hao hao Wailers wakaja na Keep On Moving, nayo ni ya Mayfield. Kila kundi la sauti tatu lilitaka ile sauti yake nyembamba ya juu. Sasa mwambie mtunzi kwamba anajibiwa wakati jina lake halipo kwenye santuri! Huyu ni mtu aliyeanzisha lebo yake mwenyewe, Curtom, 1968, alijua fika maana ya kumiliki jasho lako. 1990 akiwa jukwaani Brooklyn mitambo ya taa ikamwangukia akapooza kuanzia shingoni kushuka chini, na bado 1996 akatoa albamu, anaimba amelala chali, mstari mmoja mmoja. Kwa mtunzi jina ndo ugali wake mkuu, jina likifichwa na mirabaha imefichwa.

*

Kaka zangu mbona mnaenda mbali, sisi wenyewe Malaika mpaka leo watu wanabishana ni ya Fadhili William au ya Adam Salim, na Miriam Makeba kaimba, Boney M wameimba, dunia nzima inaijua. Ndo maana mi nasema jina liandikwe siku ya kwanza, mambo ya kuja kurekebisha baadae watu washatajirika sitaki kuyasikia.

*

Mleta mada narudi. Mkuu kwenye ugali sikubishii hata kidogo. Ni kweli ule mda Jamaica hakimiliki ilikuwa kwenye makaratasi tu, sheria yao mpya imepitishwa 1993, ila sheria kulala hakumfanyi mtu asijue wimbo kautoa wapi, na Dodd na vijana wake walijua. Dada wa Malaika umenigusa pia.

Ila msichanganye mambo mawili. Kama kila kitu kilichopita Jamaica ni wizi basi hatuna rege, maana ilikua kwa vijana waliokuwa wananasa redio za Marekani usiku, wakaziimba zile nyimbo wanavyozisikia wao. Tudai jina, tudai hela, lakini tusiwanyime na kile walichoongeza. One Love tunayoisikia zaidi kwenye redio zetu ni ile ya Exodus, ikatolewa kama singo 1984 Bob keshafariki, na jina la Mayfield limo. Mtangazaji anashindwa nini kulitaja? Sekunde mbili tu.

Mdogo wangu nimemtumia zote mbili. Jana kairudia ile beti ya mwenye dhambi, ya Mayfield kisha ya Bob, alafu kaniuliza sasa kaka nafasi ipo au haipo? Mi nimemwambia nipo upande wa Bob, yeye kasema Mayfield yuko sahihi. Nyie je?