MREJESHO: Jina Perpetua, la bibi yangu

Wakuu, niliuliza hapa maana ya Perpetua, jina la marehemu bibi mzaa mama, nikitaka kumpa binti yangu. Asanteni sana. Aliyeniambia nianze na kalenda ya watakatifu ndiye aliyenifikisha: ni la Kilatini, "wa kudumu daima". Mtakatifu mwenyewe ni Vibia Perpetua wa Karthago, Tunisia ya leo, aliyeuawa kwa imani mwaka 203 pamoja na Felicitas. Sikukuu yao 7 Machi. Kumbe Mwafrika mwenzetu! Tena aliandika habari zake akiwa gerezani, na mtoto ananyonya.

Daftari la ubatizo parokiani halikusaidia. Kurasa za miaka ile zimeliwa na mchwa, hivyo aliyemchagulia bibi jina hajapatikana.

Cheti kimetoka: Perpetua. Baba mtoto bado analalamika ni jina la kizee, ila ndiye aliyeanza kumwita Pepe.