Pranayama na kutafakari katika darasa la dakika 60: mnagawaje muda?

MkekaMpya

Wakuu, salaam. Nina cheti cha ualimu wa yoga cha saa 200 na darasa la wanaoanza: watu kumi hadi kumi na wawili, dakika 60, mara moja kwa wiki. Mikao inakwenda vizuri. Tatizo ni pranayama, yaani mazoezi ya pumzi, na kutafakari, ambavyo vinaishia kusukumwa dakika tatu za mwisho, na darasa zima linakuwa mazoezi ya viungo yenye kimya kidogo mwishoni.

Naomba msaada kwa mambo matatu. Muda ugawanywe vipi? Mbinu gani ya pumzi ianze, kwa hesabu gani? Na la tatu: darasani wamo Waislamu, Wakristo na wasiofuata dini yoyote. Sitaki kuhubiri, lakini pia sitaki kuficha yoga imetoka wapi. Om (sauti takatifu inayoimbwa), namaste (salamu ya viganja pamoja), mantra (maneno ya kurudiarudia), mnavishughulikiaje?

---

PumziTaratibu

Karibu mwalimu. Muda wako unaliwa na maelezo. Mwanafunzi mpya huvuta na kutoa pumzi moja kwa sekunde tano au sita, kwa hiyo pumzi tano ni kama nusu dakika. Mkao wa pande mbili, pamoja na kuingia, kutoka na kubadili miguu, ni dakika mbili. Ukijipa dakika 22 za mikao, kwenye karatasi zinaingia kumi na moja; darasani zitaingia saba au nane, kwa sababu kuna kuonyesha, kurekebisha na kujibu maswali. Walimu wengi wapya hupanga kumi na tano, kisha wanakata mwishoni. Na kinachokatwa ni pumzi, kila mara.

Mgawanyo unaofanya kazi: dakika 4 kufika na kutulia, 8 kupasha viungo, 22 mikao, 5 kupoa kwa mikao ya sakafuni, 8 pranayama, 5 kukaa kimya, 6 savasana (kulala chali na kupumzika), 2 za kuamka. Weka saa mahali unapoiona wewe peke yako. Dakika ya 34 ikifika, mikao imekwisha, hata kama umebakiza miwili. Kosa pekee lisilokubalika ni kuacha upande mmoja haujafanywa, kwa hiyo usianze mkao wa pande mbili baada ya dakika ya 32.

Kuna wanaoweka pranayama baada ya savasana. Kwa wanaoanza sishauri: mwili umeshapoa, macho yana usingizi, na nusu yao watasinzia wakiwa wameketi. Pumzi kwanza, kimya kifuate, kulala kuwe mwisho.

Mbinu ya kuanzia: nadi shodhana, pumzi ya kupokezana pua, bila kushikilia. Mkono wa kulia, kidole cha shahada na cha kati vikunjwe kuelekea kiganja. Dole gumba linafunga tundu la kulia, kidole cha pete tundu la kushoto. Toa pumzi yote kwanza. Vuta kwa kushoto, funga, toa kwa kulia. Vuta kwa kulia, funga, toa kwa kushoto. Huo ni mzunguko mmoja. Mizunguko sita hadi tisa inatosha, na umalizie kwa kutoa kwa kushoto.

Makosa utakayoyaona: kidole kinabonyeza juu kwenye mfupa wakati kinatakiwa kukaa pale mfupa unapoishia na nyama laini inapoanza, tena kwa kugusa tu, kiwiko kinapanda juu na bega linachoka, kichwa kinaelekea upande wa mkono, na sauti ya pumzi inasikika hadi safu ya nyuma, maana yake mtu anailazimisha. Mwenye mafua asifanye. Akae avute kwa pua zote mbili kadiri zinavyoruhusu, au apumzike.

---

Nyonga_Huru

Nakubaliana na saa, sikubaliani na kuanza na nadi shodhana. Mtu ambaye bado hajui pumzi yake inaanzia wapi unampa vidole, pua, upande na hesabu kwa pamoja. Atafuata vidole, pumzi ataisahau.

Walimu wa mkondo wa yoga wa Iyengar huanzisha pranayama kwa kulala chali, mto mrefu au blanketi zilizokunjwa zikiwa chini ya mgongo na kichwa kikiinuliwa kidogo zaidi, ili kifua kifunguke bila misuli ya mgongo kufanya kazi. Fuata njia hiyo. Na usiendeshe darasa la kuingia-na-kutoka. Fungua kozi ya wiki nane yenye watu walewale. Pranayama haijengeki kwa mtu anayekuja leo na kurudi baada ya mwezi.

Wiki ya 1 na 2: kulala, mkono mmoja tumboni na mwingine mbavuni, kutazama pumzi bila kuibadilisha. Ya 3 na 4: kuketi, kuvuta kwa hesabu 4 na kutoa kwa 4. Ya 5 na 6: kuvuta 4, kutoa 6. Wiki ya 7 ndipo vidole viingie. Uwiano wa vitabu vya kale, 1:4:2, yaani kuvuta, kushikilia mara nne ya hapo, kutoa mara mbili, uache kabisa kwa kundi hili. Huo ni wa mtu mwenye mwalimu wake wa karibu.

Hesabu usiitangaze kwa sauti zaidi ya mzunguko wa kwanza. Mapafu hayalingani; mwenye pumzi fupi akifuata hesabu yako atakosa hewa na kuanza kunyakua kwa mdomo. Waonyeshe mara moja, kisha kila mtu ahesabu ndani yake kwa mwendo wake.

Mtu akisema kichwa kinazunguka au midomo na vidole vinawasha, amepumua kupita mahitaji ya mwili. Hewa ukaa kwenye damu imeshuka, mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo imebana, na mwili unatoa ishara. Si "nishati inaamka", tafadhali. Asimamishe zoezi, apumue kawaida kwa pua, au alale chini. Kwa kawaida hupita baada ya dakika chache. Isipopita, au kukiwa na maumivu ya kifua, hilo ni la daktari.

Kapalabhati na bhastrika, yaani pumzi za kasi na za nguvu, ziache nje ya darasa la wanaoanza. Hazifai kwa mjamzito, mwenye presha ya juu, kifafa, ngiri, presha ya macho, au aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo karibuni, na katika watu kumi na wawili kuna uwezekano mkubwa yupo mmoja wao ambaye hajakwambia. Uliza kwa fomu kabla ya siku ya kwanza, halafu rudia kuuliza kwa mdomo, kando, maana fomu hujazwa kwa haraka.

Jambo moja linalodharauliwa: namna ya kuketi. Nyonga ziwe juu kuliko magoti. Blanketi mbili zilizokunjwa, au tofali la mazoezi, au kiti cha kawaida nyayo zikiwa sakafuni. Mtu akiketi chini huku magoti yakiwa juu, kiuno kinarudi nyuma, mgongo unapinda, diafragma inabanwa, na utatumia dakika nane kumwambia "nyoosha mgongo" bila mafanikio. Padmasana, mkao wa kuketi nyayo zikiwa juu ya mapaja, usiifundishe hapa: mzunguko wake unatakiwa utoke kwenye kiungo cha nyonga, na nyonga ikigoma, anayelipa ni goti.

---

KimyaKwanza

Najibu swali la tatu, wenzangu wamelikwepa.

Usiwaambie wanafunzi kwamba yoga haihusiani na dini yoyote. Ni kauli inayouza, ila si kweli, na *satya*, ukweli, ni moja ya yama tano, yaani kanuni za maadili za yoga. Yoga imekulia India, imepita kwa Wahindu, Wabudha na Wajaini, na Yoga Sutra za Patanjali, matini ya kale ya yoga, zinamtaja Ishvara, yaani Mungu, waziwazi. Wakati huohuo usiwatishe. Katika matini hiyohiyo, kujikabidhi kwa Ishvara kumetajwa katika sura ya kwanza (1.23) kama njia mojawapo. Mbele kidogo kuna kutoa na kuzuia pumzi (1.34), na mwisho wa orodha (1.39) inaruhusiwa kutafakari kitu chochote ambacho moyo wa mtu umekichagua. Hapo ndipo mwalimu wa darasa mchanganyiko anapopata nafasi: wewe unafundisha namna ya kuketi na kurudisha akili, kitu cha kuitulizia achague mwanafunzi. Anayetaka jina la Mungu wake, sawa. Anayetaka pumzi tu, sawa.

Kwa vitendo: kabla ya darasa la kwanza sema ni vipengele gani vina asili ya ibada. Surya Namaskara ni salamu kwa jua, ndivyo jina lilivyo. Asiyetaka afanye mikao ileile mmoja mmoja. Om iwe ya hiari kwa maana halisi ya hiari, yaani wanaoimba na wanaonyamaza wote wanafumba macho na hakuna anayehesabiwa. Ukiona watu watatu wanatikisa midomo kwa aibu, iondoe, weka pumzi tatu za pamoja. Mantra usiyojua maana yake usiifundishe. Na kiganja kwa kiganja mwishoni si lazima; "asanteni" inatosha.

Upande wa kiroho wa darasa hauhitaji hotuba. Katika Yoga Sutra mikao imepewa sutra (vifungu vifupi) tatu tu, 2.46 hadi 2.48, na ya kwanza inataka mkao uwe imara na wenye raha. Chukua hilo moja kwa mwezi mzima. Katika kila mkao uliza mara moja: imara ipo? raha ipo? Anayetetemeka apunguze, aliyelegea aamshe miguu. Mwezi unaofuata chukua *ahimsa*, kutodhuru, na isikike kwenye goti na kiuno kabla ya kusikika kwenye maneno. Mwalimu anayesoma nukuu ya dakika tano watu wakiwa savasana amewanyima savasana.

Kugusa pia ni suala la yama. Uliza ruhusa kila darasa, wakiwa wamefumba macho, kwa ishara ya mkono, ili asiyetaka asijieleze. Ruhusa ya wiki iliyopita imekwisha.

---

MkekaMpya

Shukrani sana, nimeelewa kwamba nilikuwa napanga vitu vingi mno. Nitakwenda na kozi ya wiki nane. Maswali mawili ya nyongeza: mtu akisema kukaa kimya macho yakiwa yamefumbwa kunamletea hofu, nifanyeje? Na mjamzito akitaka kujiunga, cheti cha saa 200 kinanitosha?

---

Nyonga_Huru

La hofu: afumbue macho, atazame sakafu kama mita moja mbele yake. Mwondoe kwenye pumzi, kwa sababu kwa baadhi ya watu kuifuatilia ndiko kunakowasha hofu. Mpe kitu cha nje: sauti za chumba, uzito wa nyayo sakafuni, kitambaa chini ya vidole. Akitaka, atembee taratibu hadi ukutani na kurudi. Kiti kiwe karibu na mlango, na ajue anaweza kutoka bila kuaga. Usimchimbe darasani "nini kilikupata". Ikijirudia, mwelekeze kwa mtaalamu wa afya ya akili. Kazi hiyo hukufundishwa.

---

PumziTaratibu

La cheti. Yoga Alliance ya Marekani, ambayo saa 200 zake ndizo zinazotajwa sana, ni rejista ya walimu na shule. Haitoi leseni ya serikali. Kwenye viwango vyake saa 30 ni za anatomia na fiziolojia na nyingine 30 ni za falsafa, historia na maadili. Sehemu kubwa ni mazoezi, mbinu na ufundishaji. Saa 30 hazimtoshi mjamzito. Mafunzo ya kufundisha wajawazito yana daraja lake, saa 85, na hadi uyapate mpeleke kwa aliyenayo.

Akija mwanafunzi wako wa zamani ambaye amepata ujauzito katikati ya kozi, na mkunga au daktari amemruhusu, mwondolee kushikilia pumzi, pumzi za kasi, kulala kifudifudi, misokoto mikali inayobana tumbo na mikao ya kichwa chini. Misokoto ya mabega peke yake haina neno. Miguu isimame mbali zaidi kuliko kawaida, kwa kuwa uwiano wa mwili unabadilika, na mikao ya mguu mmoja ifanyike ukutani. Asivutwe hadi mwisho wa kunyumbuka, viungo vinalegea wakati huo.

Savasana, kuanzia karibu wiki ya 20 alale kwa ubavu, wa kushoto ndio unaopendelewa: mto mmoja chini ya kichwa, mwingine kati ya magoti, blanketi iliyoviringishwa mbele ya tumbo. Kuamka asukume kwa mikono, kichwa kije mwisho. Mtengee dakika moja zaidi ya wengine kujipanga, na mwanzie yeye.