Naomba ushauri: Volvo 240 ya 1989, niichukue?

Asalaam aleikum wandugu. Hapa Malindi kuna mzee anauza Volvo 240 stesheni wagoni ya 1989, na ni yeye tu aliyeimiliki tangu ikiwa mpya. Rangi bado inang'aa, viti havijachanika, injini inanguruma taratibu. Nimeipenda kweli, na buti lake litabeba magunia yangu ya nazi hadi Mombasa. Hofu yangu ni kutu. Mzee anakaa karibu na bahari, na chumvi hula bati kutoka chini bila mtu kuona. Nikague wapi hasa, chini ya zulia au kwenye vizingiti vya milango? Halafu Volvo iliacha kuunda 240 mwaka 1993; spea mnazipata wapi hapa Pwani? Jumamosi anataka jibu.