Nimechoka na "weka silikoni tu mkuu": kwenye matairi ya vigari vya mfereji mnatupoteza

Wakuu heshima zenu. Leo naandika nikiwa na hasira, sitaremba.

Kwa wasioujua mchezo: vigari hivi ni vya umeme, vingi vya kipimo cha 1/32, yaani gari halisi limepunguzwa mara 32. Chini ya pua kuna ulimi unaoingia kwenye mfereji wa barabara, wewe umeshika kishikio mkononi, ukibonyeza gari linakimbia, ukizidisha kwenye kona linachomoka na kuruka chini. Scalextric wanaviuza Uingereza tangu 1957, na mimi ugonjwa huu nimeupatia hukuhuku Midlands nilikohamia kikazi. Anayetaka kuniambia "mtu mzima unacheza vigari" apite tu, uzi haumhusu.

Sasa malalamiko. Kila nikiuliza ninunue tairi gani, jibu ni lilelile: weka silikoni mkuu, inashika balaa. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nakimbiza juu ya nini! Fundi matairi wa Gerezani, ambaye hajawahi kujiita mtaalamu, swali lake la kwanza ni gari linapita lami au vumbi. Nyie na maposti yenu elfu tatu hamuulizi.

Muuzaji naye ndio kabisa. Nilimpigia simu, nikamwambia nina barabara ya plastiki nyumbani na Alhamisi huwa naenda klabu. Akanijibu "hizi zinafaa popote". Nikabeba jozi nne.

Nyumbani zilikwenda vizuri, nisiwe mwongo. Plastiki ya Scalextric ya siku hizi ina uso laini, na silikoni inaipenda mradi umepanguza. Tatizo inazoa kila uchafu. Raundi ishirini tu tairi limeshavaa vumbi na manyoya ya zulia, inabidi ulibingirishe juu ya selotepu upande wa gundi ndipo lishike tena. Hilo nililivumilia.

Ikaja Alhamisi. Barabara ya klabu yetu ni ya mbao: MDF, yaani ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, iliyochongwa mifereji, ikapakwa rangi ya maji, na tepu ya shaba imelazwa pande zote mbili za mfereji kupitisha umeme. Nimepiga raundi kama sita, mzee anayesimamia mashindano akalinyanyua gari langu. Akalipindua. Akabonyeza tairi kwa ukucha wa kidole gumba, akalipitishia kidole cha shahada, halafu akakigeuzia kidole kwenye taa. Kilikuwa kinameremeta. Mimi hakunisemesha, alimwonyesha mwenzake. Mara kikaja kitambaa na chupa ya dawa, na watu wazima wanne wakainama kufuta leni niliyopita, mimi nimesimama pembeni kama mwizi wa kuku.

Kumbe silikoni inaacha mafuta mepesi barabarani. Wewe mwenyewe huoni taabu, ila mwenzako mwenye tairi za mpira au za yurethani (aina ya plastiki inayonepa kama mpira) akija kwenye leni hiyohiyo anateleza kama kakanyaga ganda la ndizi. Ndiyo maana klabu nyingi zimeipiga marufuku. Eti muuzaji anayeuza tairi kila siku hajui hilo? Thubutu.

Jumapili nikaenda kwa jamaa mwenye barabara ya Ninco, ile plastiki yenye chenga ukiipapasa kama msasa. Jioni moja tu kingo za tairi zilikuwa zimemeguka.

Niliyoyajua baada ya kuaibika, yachukueni bure. Mbao yenye rangi inataka yurethani: haiachi mafuta, haizoi vumbi ovyo, na unaweza kuisugua msasa mpaka iwe duara kamili. Silikoni msasa unaikwaruza tu. Barabara ya plastiki isiyo na chenga, mpira laini wa kawaida unatosha, unaufuta kwa petroli ya kiberiti kabla ya kukimbiza. Ninco weka mpira na ukubali utaisha, maana pale uso wenyewe ndio unaong'ang'ania. Sponji waachieni wa 1/24 wenye barabara kubwa zinazopakwa dawa ya kunata.

Na ile ya "tairi likiwa laini zaidi linashika zaidi" iacheni. Ugumu unapimwa kwa Shore A, namba ikishuka ndivyo mpira unavyolainika, sawa. Lakini weka mpira laini mno kwenye gari lenye mota kali uone: tairi linajikunja na gari linadundadunda kwenye kona kama limepanda matuta. Halafu nusu ya mnaolia kwamba tairi halishiki, hamjaligundisha kwenye rimu, linazunguka peke yake. Hapo hata ubadilishe mpira mara kumi.

Ila kilichonichefua kuliko vyote nimekigundua jana. Yule jamaa anayeongoza kusifia silikoni humu, nimesoma posti zake zote, anakimbiza na SUMAKU! Sumaku chini ya gari inavutwa na reli za chuma za barabara ya plastiki, kwa hiyo hata ukifunga mipira ya kubania nywele utapita kona. Kwenye mbao umeme unapita kwenye shaba, na shaba haivutwi na sumaku. Tairi ndilo kila kitu. Mtu huyo anapata wapi ujasiri wa kunishauri mimi?

NAONGEZEA: muuzaji amejibu ombi langu la kurudishiwa pesa za jozi tatu ambazo hata sijazifungua. Anasema "bidhaa haina kasoro". Ni kweli haina. Mwenye Scalextric sebuleni na asiye na zulia aje PM, nampa nusu bei, rimu za milimita 17. Mwenye barabara ya mbao asinitafute.