Vidonge, chenga, klorini ya maji au mashine ya chumvi: kipi kinafaa bwawa la nyumbani lenye maji ya kisima na wageni wa usiku?

MkaaPete

Assalaam alaykum. Swali kwa wenye kuyajua mabwawa. Bwawa ni mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.5, yaani mita za ujazo 48. Maji ni ya kisima kilichochimbwa kwenye jiwe la matumbawe. Kipimo cha vitone cha leo: pH 7.9, alkaliniti (uwezo wa maji kuzuia pH isibadilike) 220, ugumu wa kalsiamu 360, stabilaiza (dawa inayokinga klorini isiliwe na jua) 0, chumvi 900 (ukiacha pH, zote ni miligramu kwa lita). Klorini ikitiwa jioni, alfajiri ipo. Ikifika adhuhuri haipo.

Pembeni pana mti wa mkungu na mwembe. Usiku wanakuja popo, alfajiri kunguru, mchana kima, na kila asubuhi chura wawili watatu wamo ndani ya skima (mdomo wa ukingoni unaovuta maji na takataka za juu). Nataka kulinganisha dawa hizo nne kwa maji haya haya. Na kwa wanyama, bora wavu, turubai, au kuwawekea njia ya kutokea?

Fundi_Chujio

Alaykum salaam. Stabilaiza 0 ndiyo inayokulia klorini. Jua la adhuhuri hapa kwetu hula nusu yake kwa muda wa saa moja hivi kama maji hayana kinga. Kwa hiyo kabla ya bei ya kilo, tazama kila dawa inaacha nini majini klorini yenyewe ikishatumika.

Bwawa lako likishapata stabilaiza, hesabu matumizi ya kama miligramu 2.5 kwa lita kwa siku. Hiyo ni gramu 120 za klorini halisi. Kwa vidonge vya 90% ni gramu 133, kwa chenga za kalsiamu za 65% ni gramu 185, kwa klorini ya maji ya 10% ni lita 1.2. Sasa mabaki: kila miligramu 10 za klorini ya vidonge huja na 6 za stabilaiza, na za chenga huja na 7 za ugumu. Mwezi mmoja wa vidonge umekuongezea stabilaiza 45. Mwezi mmoja wa chenga, ugumu 53. Klorini ya maji huacha chumvi ya kawaida tu.

Wewe umeanza na ugumu 360. Miezi mitatu ya chenga tupu inakupeleka 520, na kwa pH 7.9, alkaliniti 220 na maji ya nyuzi 30 utaona ukoko mweupe kwenye vigae vya juu, kisha mchanga wa chujio unashikana madonge na maji yanapita pembeni bila kuchujwa.

Vidonge vina tabia ya asidi, na maji yako yanaihitaji asidi. Kwa hiyo: wiki nne za mwanzo vidonge, mpaka stabilaiza ifike 40 hivi, halafu acha. Baada ya hapo klorini ya maji, kila jioni. Wanaoendelea na vidonge mwaka mzima ndio hao wenye bwawa la kijani huku kipimo kinaonyesha klorini ipo. Klorini inatakiwa iwe angalau 7.5% ya stabilaiza: ikiwa 40, shika 3, ikiwa 120, utahitaji 9. Na stabilaiza ikishazidi haichujiki. Kutoka 120 kurudi 40 ni kumwaga theluthi mbili za bwawa, zaidi ya lita 30,000 za kununua kwa boza.

Bi_Mwani

Hujaizungumzia mashine ya chumvi (inayogeuza chumvi ya majini kuwa klorini kwa umeme), na kwa mwenye kisima cha namna hii ina faida moja: robo ya chumvi anayo. Mashine nyingi zinataka gramu 3.5 kwa lita. Bwawa tupu la mita 48 lingetaka kilo 168. Yeye ana 0.9 tayari, kwa hiyo ni kilo 125, mifuko mitano ya kilo 25. Wengi humimina mifuko saba bila kupima kwanza, mashine inajizima kwa kuzidi, na njia ya kurudi ni kumwaga maji.

Chumvi iwe safi, ya 99%. Chumvi ghafi ya mashamba ya Pemba kwa samaki ni nzuri sana, lakini kwa bwawa ina mchanga na madini mengine yanayogandia sahani za mashine.

Ila sitamficha kasoro zake. Mashine hupandisha pH kila siku, na kwa ugumu huu sahani zitavaa chokaa. Zifunue kila wiki mbili. Ukiona vipande vyeupe kama maganda ya yai, zilowanishe kwenye asidi sehemu 1 kwa maji sehemu 10 kwa dakika tano hadi kumi, usikwangue kwa chuma. Umeme ukikatika haitoi kitu, kwa hiyo mtungi wa klorini ya maji ubaki nyumbani vilevile. Na maji ya bakwashi (yanayotoka chujio likioshwa) yasiende kwenye migomba, itakauka majani kuanzia kingoni. Minazi huvumilia.

ChengaZaidi

Fundi, chenga umezionea kidogo. Klorini ya maji ni nzuri siku inapotoka kiwandani. Mtungi uliosafirishwa ukakaa juani wiki kadhaa, maandishi yatasema 10% na ndani haimo. Chenga kwenye ndoo iliyofungwa, mahali pakavu, hubaki na nguvu yake muda mrefu. Tena masika hupunguza ugumu: kila milimita 100 za mvua juu ya kina cha mita 1.5 zikifurika kwenye bomba la ziada zimebadilisha kama 6% ya maji. Mimi naona chenga zitumike masika, klorini ya maji kiangazi.

Namna ya kutia: ndoo ya plastiki, maji kwanza, chenga juu yake, koroga kwa kijiti cha plastiki, acha robo saa zituame, mimina yale ya juu mbele ya mdomo wa maji yanayorudi. Masimbi yaliyobaki chini ni chokaa, yasiingie bwawani. Na jambo ambalo silisemi kwa wepesi: chombo kilichobeba vidonge kisiguse chenga hata mabaki yake. Vikikutana na unyevu vinawaka na vinaweza kulipuka. Asidi na klorini ya aina yoyote visikae rafu moja. Vikichanganyika vinatoa gesi inayoua.

Fundi_Chujio

Masika na kiangazi, nakubali, ugumu ukipimwa kila mwezi na usivuke 450.

Kabla ya yote hayo lakini, alkaliniti ishuke kutoka 220 hadi 80 au 90, la sivyo pH itarudi juu kila baada ya siku mbili. Asidi ya hidrokloriki ya 33%: lita 0.9 hushusha 10 kwa mita 48. Jumla ni kama lita 12, lakini si kwa siku moja. Asubuhi pima pH. Ikiwa 7.6 au zaidi, chukua lita 1, itie ndani ya ndoo yenye maji (asidi juu ya maji, kamwe si maji juu ya asidi), zunguka nayo kina kirefu pampu ikifanya kazi. pH itashuka 7.4 hivi. Halafu geuza midomo ya maji yanayorudi itazame juu ivunje uso wa maji. Mapovu hayo hurudisha pH bila kurudisha alkaliniti. Kesho tena. Alkaliniti ikikaribia 120, punguza asidi iwe nusu lita, maana hapo pH ni nyepesi kuanguka chini ya 7.0. Wiki mbili zinatosha.

Stabilaiza ikishaingia, theluthi yake huhesabiwa ndani ya kipimo cha alkaliniti. Ukisoma 100 na stabilaiza ni 40, alkaliniti yako ya kweli ni 87 hivi.

Jirani_wa_Popo (Pemba)

Naongeza kwa upande wa wanyama, maana dawa na wanyama ni mambo yasiyotengana. Kinyesi cha popo na kunguru, mkate mkavu na mifupa ambayo kunguru hulowanisha, vyote hula klorini na kulisha ukoga wa kijani. Mwembe ukiiva tia nusu zaidi ya kipimo cha kila jioni, na ukate matawi yaliyo juu ya maji.

Wavu wa uvuvi usiuweke kabisa. Popo hunywa kwa kupita chini na kugusa maji kwa kifua. Akinasa mbawa kwenye uzi mwembamba uliolegea hatoki. Kama ni wavu, uwe na matundu ambayo kidole hakipenyi, na uvutwe ukazike. Nyuzi za nailoni zinazopigwa kwa ajili ya kunguru hufanya kazi, lakini lazima zitolewe kabla ya magharibi. Turubai linaloelea ni baya zaidi: maji ya mvua hukaa juu yake na kuzaa mbu, na mnyama mdogo huteleza ukingoni akaingia chini yake asione pa kutokea. Turubai zuri ni lile linalofungwa likanyooka pande zote, na lina kazi ya kila siku.

Kwa hiyo mimi ni wa njia ya kutokea. Ubao wa upana wa sentimita 20, urefu wa mita moja, mteremko wa nyuzi 30 au chini, ncha moja imezama sentimita 15, ncha ya juu imefungwa ukingoni. Uzungushie kamba ya usumba, mizunguko ikaribiane kama ngazi, chura na popo wapate pa kushika. Kamba mpya iloweke kwanza wiki moja kwenye ndoo, ukibadilisha maji mpaka yaache kutoka rangi ya chai. Weka mmoja karibu na skima, maana mkondo huwapeleka huko, na wa pili pembe ya mkabala.

Zima pampu usiku na taa za ndani ya maji pia. Taa huita wadudu, wadudu huita chura. Lakini pampu ikizimwa, vidonge visikae kwenye skima: maji makali yaliyotuama yataingia kwenye pampu na kula sili (mpira unaozuia isivuje). Na boya la vidonge usiliache likielea, kwa sababu kima hulichukua na kulifungua. Kwenu Pete, Unguja, kuna kima punju (kima wekundu wa Zanzibar) vilevile, na hao wanalindwa. Kwa vidonge vyako vya wiki nne, tumia chombo cha kwenye bomba, baada ya chujio, chenye mfuniko wa kukaza.

Popo aliyeanguka usimshike kwa mkono mtupu, hubeba magonjwa yanayopita kwa kuumwa. Mwopoe kwa wavu wa majani, mwegemeze kwenye shina la mti ajipandie mwenyewe, maana kutoka chini haruki.

MkaaPete

Ahsanteni sana, nyote. Mawili yamebaki. Chura akikutwa amekufa majini, watu wasubiri muda gani? Na kwenye ngazi pana madoa ya kahawia yasiyotoka kwa brashi.

Fundi_Chujio

Mtoe kwa wavu, osha kikapu cha skima, shusha pH iwe 7.5 au chini, klorini ipandishe mpaka 5 kwa sababu utakuwa na stabilaiza, washa pampu. Asiingie mtu mpaka maji yote yamepita kwenye chujio mara moja. Kwa pampu ya mita 8 kwa saa ni saa sita.

Bi_Mwani

Madoa hayo yajaribu kwa kidonge cha vitamini C. Kishikilie juu ya doa kwa nusu dakika, ukikibana kwa kidole. Likififia, ni chuma: tazama boliti za ngazi na skrubu za taa. Lisipobadilika, ni majani ya mkungu. Hapo tia chenga chache ndani ya soksi, iweke juu ya doa pampu ikiwa imezimwa, saa moja tu, kama ni vigae au saruji. Ila likiwa la chuma usilipige klorini, itazidi kulikoza.