Naomba ushauri: bunduki ya mitutu miwili kwa kanga na kwale

Ndugu wanachama, nimerithi kihalali kwa marehemu baba mdogo bunduki ya marisawa, geji 12, yenye mitutu miwili iliyolala sambamba na triga mbili, nami nataka kuwindia kanga na kwale kwa kibali. Nilipoijaribu kwenye karatasi kwa hatua 30, kwa risasi chache alizoziacha, mtutu wa kulia ulitawanya marisawa hadi pembezoni, ilhali wa kushoto, uliobanwa zaidi mdomoni, uliyarundika katikati. Kwale angebaki manyoya matupu. Chemba, yaani sehemu za nyuma za mitutu zinamokaa risasi, zimepigwa mhuri wa urefu wa milimita 65, lakini dukani nimepata risasi za milimita 70 pekee, nazo, ingawa ni ndefu kuliko kipimo hicho, huingia bila shida, jambo ambalo ndilo linalonitia hofu.

Je, ni salama kuzitumia? Na kanga wakiruka karibu nami, nianze na mtutu upi?