Mrejesho: Dada aliyevunjwa mkono, wazee wakaja na jani la sale

Wakuu, niliwauliza kuhusu dada yangu wa Moshi. Shemeji alimvunja mkono, kisha wazee wa ukoo wakashuka kutoka Kibosho na jani la sale, ambalo kwetu Wachagga ni la kuombea msamaha, na mbege, pombe yetu ya ndizi, yaishe nyumbani. Akubali au aende polisi?

Tulianza na PF3, fomu ya polisi ya matibabu, hospitali, kisha Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Asante aliyenitajia Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66: hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake. Nilikichapisha, nikampa mzee mmoja asome mwenyewe. Kimya.

Kikao kilifuata baadaye, kwa masharti ya dada: afisa ustawi awepo, yeye aanze kuongea, na shemeji aseme alichofanya, asimsingizie shetani. Shemeji akaanza, "Tulipogombana..." Dada akamkatiza: "Hatukugombana. Ulinipiga." Ikabidi arudie, safari hii macho chini. Kwangu hapo ndipo kikao kilipoanza, yale ya mbege yalikuwa kuziba mdomo tu.

Sale hajalipokea. Yuko kwa mama, kesi inaendelea, na watoto baba yao anawaona Jumamosi, shangazi akiwepo.